Gemu ya utotoni imefufuka kwenye kompyuta: emuleta ni nini hasa?

Kama nyumbani kwenu kulikuwa na TV gemu, utaratibu unaujua. Gemu ikigoma, unachomoa kaseti, unaipuliza, unairudisha. Ikigoma tena, unapuliza kwa nguvu zaidi. (Kumbe pumzi haikuwa inasaidia kitu. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya. Unyevu wa mdomo wenyewe unaweza kuleta kutu.)

Ya kwetu ilikufa nikiwa darasa la tano. Wiki iliyopita nimeicheza tena, kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa inakusanya vumbi sebuleni. Mlio wa kwanza wa Super Mario ulipolia tu, kaka yangu akatoka chumbani mbio: "Dogo, hiyo umeitoa wapi?" Tulilala saa nane usiku.

Kilichofanya kazi hiyo ni programu inayoitwa emuleta.

Kompyuta inajifanya mashine nyingine

Gemu ya kaseti iliandikwa kwa lugha ya chipu ya mashine yake. Kompyuta yako haiielewi lugha hiyo hata kidogo. Emuleta inakaa katikati kama mkalimani: inasoma amri moja ya gemu, inaigeuza iwe kitu ambacho kompyuta inakielewa, inakwenda inayofuata. Wakati huohuo inaiga chipu ya picha na ya sauti, na zote ziende pamoja. Zikipishana kidogo tu, Mario anaruka leo, mlio unakuja kesho.

Inaonekana kazi kubwa, lakini mashine zenyewe zilikuwa ndogo mno. TV gemu nyingi tulizochezea huku zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa KB 2. Super Mario Bros. ya 1985, steji zote 32, ina ukubwa wa karibu KB 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp leo inaweza kuizidi gemu nzima. Ndiyo maana hata kompyuta ya zamani inaiendesha bila kuhema.

Na kuna raha ambayo hatukuwa nayo utotoni: kusevu popote. Zamani umeme ukikatika ukiwa steji ya mwisho, unaanza moja huku unalia. Sasa unabonyeza kitufe, unakwenda kula, unarudi palepale.

Je, ni halali?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Emuleta ni kitu kimoja, faili la gemu ni kingine.

Sony waliwahi kuishtaki kampuni ya Connectix iliyotengeneza emuleta ya PlayStation. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani ikaipa ushindi Connectix. Faili la gemu, kwa upande mwingine, lina mwenyewe. Hata Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na umri wa gemu peke yake hauifanyi kuwa ya bure. Nintendo si watu wa mchezo: mwaka 2024 watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Switch, walikubali kuwalipa dola milioni 2.4 ili kesi iishe.

Lakini upande wa pili nao una hoja. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Yaani hata ukiwa na hela mkononi, hakuna wa kumpa. Kaseti zinaoza, mashine zinakufa, na bila emuleta gemu nyingi zitabaki kuwa hadithi tu. Binafsi naona kampuni inayokataa kuuza na inayokataa watu wahifadhi inataka vyote viwili, na hilo si haki.

Ukitaka kuanza bila wasiwasi, wapo watu wanaotengeneza gemu mpya kwa ajili ya mashine hizi kuukuu. Micro Mages ya 2019 ni mfano mzuri: inauzwa kama faili na ina KB 40 vilevile. Emuleta kama RetroArch ni ya bure, ila ipakue kwenye tovuti yao wenyewe. Na ukiona "gemu ya kaseti" imekuja na faili linaloishia na .exe, ifute haraka. Ya Famicom huishia na .nes.

Kaka ameshahamia Duck Hunt. Bunduki ile ya plastiki haifanyi kazi kwenye skrini za siku hizi, kwa sababu ilitegemea mwanga wa TV za kichogo, kwa hiyo bata tunawapiga kwa mausi. Tukikosa, yule mbwa bado anatucheka.