Taarifa Zako Katika Huduma za Kutafuta Mwenza Mtandaoni

Huduma nyingi za kutafuta mwenza mtandaoni hazimlazimishi mtumiaji kuonyesha jina lake kamili. Jina la kwanza, umri, picha tatu au nne na maneno machache ya kujieleza hutosha. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba wamejisitiri, na kwamba siku watakapochoka watafuta kila kitu na kuondoka kama walivyoingia. Katika makala haya tunaeleza kwa nini imani hiyo haina msingi imara, na nini mtumiaji anaweza kufanya ili ajilinde. Hatukusudii kumkataza mtu mzima kutafuta mwenza kwa njia aipendayo; ndoa njema zimepatikana huko pia. Tunachotaka ni kwamba anayeingia ajue ni nani mwingine anayemtazama.

Namba ya simu

Tuchukue mfano wa kufikirika wa muuguzi anayefanya kazi katika mji mmoja wa wilaya. Katika wasifu wake ameandika jina la kwanza pekee. Baada ya siku kumi za mazungumzo, mwanamume asiyemfahamu anamwomba namba ya simu ili wahamie WhatsApp, naye anampa. Mwanamume huyo anafungua menyu ya kutuma pesa kwa simu, anaingiza namba ile na shilingi 1,000, na kabla muamala haujakamilika anaonyeshwa majina ya mwenye laini, yaleyale yaliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA. Anasitisha muamala. Hakutoa hata senti moja, na muuguzi hakupata ujumbe wowote wa kumjulisha kwamba ametafutwa.

Majina kamili yakishapatikana, yaliyosalia ni mepesi. Akiyaandika kwenye mtandao anaweza kukutana na tangazo la walioitwa kazini, ambamo jina la mtu, kada yake na mwajiri aliyepangiwa vimewekwa katika mstari mmoja. Anaweza kuukuta ukurasa wa Facebook wenye orodha ya ndugu na marafiki, na picha ya ubarikio wa mtoto yenye jina la kanisa ukutani. Muuguzi wetu alidhani ametoa namba tu. Kwa kweli ametoa jina, kazi, mahali pa kazi na ukoo.

Kuonyeshwa jina kabla ya kutuma pesa ni utaratibu mwema, uliowekwa ili watu wasipoteze fedha kwa kukosea tarakimu moja, wala hatupendekezi uondolewe. Lakini mtumiaji aelewe kwamba hapa kwetu kumpa mtu namba ya simu ni sawa na kumpa kitambulisho. Wapo wanaoamini kwamba kununua laini ya pili huondoa tatizo. Haliondoki, kwani laini hiyo nayo husajiliwa kwa kitambulisho kilekile, na ikishafunguliwa huduma ya pesa huonyesha majina yaleyale. Ushauri wetu ni kuendelea kuzungumza ndani ya programu yenyewe hadi mtakapokutana ana kwa ana, mahali pa wazi penye watu, ukajiridhisha juu ya mwenzako. Anayekushinikiza uhamie kwingine siku ya kwanza, akisema programu inamsumbua, mwambie utasubiri. Jinsi atakavyolipokea jibu hilo nako ni habari.

Picha nazo zahitaji uangalifu wa namna hiyo. Picha uliyoiweka Facebook mwaka juzi na sasa ukaiweka kwenye wasifu wa kutafuta mwenza huunganisha kurasa hizo mbili, kwa kuwa zipo huduma za kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha badala ya maneno. Piga picha mpya isiyotumika kwingine, na kabla ya kuipandisha tazama kilicho nyuma yako: lango la shule, sare ya kazi, namba ya gari, mtoto.

Umbali unaoonyeshwa

Programu nyingi humwonyesha mtumiaji umbali uliopo kati yake na mwingine, kilomita 2 au kilomita 15. Habari hiyo huonekana haina madhara, kwa maana kilomita 2 zaweza kuwa upande wowote. Lakini mtu aliyeusoma umbali wako akiwa kituo cha mabasi, akausoma tena akiwa sokoni, na mara ya tatu akiwa hospitali, anaweza kuchora miduara mitatu kwenye ramani. Miduara hiyo hukutana mahali pamoja, nawe uko hapo. Wala halazimiki kutembea, kwani zipo programu za kuidanganya simu ijione iko mahali isipokuwepo.

Mwaka 2014 wataalamu wa usalama wa mitandao walitangaza kwamba Tinder ilikuwa ikisafirisha umbali huo kwa usahihi mkubwa mno, kiasi kwamba mtumiaji angeweza kupatikana ndani ya takribani mita 30. Dosari hiyo ilirekebishwa. Hata hivyo, kukadiria umbali hadi kilomita nzima hakumzuii mwenye subira, kwa sababu anaweza kusogeza mahali pake pa uongo kidogo kidogo hadi tarakimu ibadilike, akaanzia hapo kupima.

Fungua mipangilio ya simu yako, utafute ruhusa ya mahali ulipo, na uiwekee programu hiyo ruhusa ya wakati inapotumika tu. Simu nyingi za sasa hukuruhusu pia kutoa mahali pa kukadiria badala ya mahali halisi. Ndani ya programu yenyewe, kama kuna kipengele cha kuficha umbali, kitumie. Yafaa pia kukumbuka kwamba watu wengi hufungua programu hizi usiku wakiwa kitandani, na hivyo mahali panapojirudia kuliko pengine pote ni nyumbani.

Wasioonekana

Hadi hapa tumezungumzia mtu mmoja mwenye nia mbaya. Yupo mwingine ambaye watumiaji humsahau, naye ni kampuni yenyewe. Mwaka 2017 mwandishi wa habari wa Ufaransa alitumia haki aliyopewa na sheria za Ulaya kuiomba Tinder nakala ya taarifa zote ilizokuwa nazo kumhusu. Alipokea kurasa 800. Ndani yake mlikuwa na mazungumzo yake, mahali alipokuwa alipoyafanya, aliyoyapenda Facebook, na umri wa wanaume waliomvutia. Alikuwa amekwisha kuyasahau mengi ya hayo, kampuni haikuyasahau.

Taarifa hizo huweza kusafiri. Mwezi Desemba 2021 mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Norwei iliitoza kampuni ya Grindr faini ya kroni milioni 65, kwa kuwapa watangazaji wa biashara taarifa za watumiaji bila ridhaa halali, yakiwemo mahali walipo, umri na jinsia. Jambo zito katika shauri hilo ni kwamba kule tu kujulikana kuwa mtu anatumia huduma fulani kunaweza kufichua siri ambayo hajamwambia hata ndugu yake. Hapakuhitajika ujumbe wala picha. Kwa hiyo unaposoma katika sera ya faragha maneno kama “washirika wetu” au “watoa huduma wengine”, yachukulie kuwa yana watu ndani yake.

Taarifa huweza pia kuibwa. Mwezi Julai 2015 wadukuzi waliingia katika mitambo ya Ashley Madison, huduma ya Kanada iliyojitangaza kwa watu walio ndani ya ndoa, na mwezi uliofuata wakazimwaga taarifa hizo hadharani. Watumiaji walioguswa walikuwa zaidi ya milioni 36. Baadhi yao walikuwa wameilipa kampuni dola 19 ili wafutwe kabisa, na bado taarifa zao zilikuwemo, maana kampuni iliendelea kuzihifadhi hata baada ya kupokea fedha hizo. Waliofuata ni matapeli waliowaandikia watumiaji barua pepe, wakidai walipwe la sivyo wake, waume na waajiri wao wataambiwa. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya huduma ya namna hiyo. Sisi hatuoni kwamba makosa ya mteja humpa mfanyabiashara ruhusa ya kumuuzia ufutaji ambao haufanyiki.

Kisa cha karibuni kinahusu vitambulisho. Programu ya Tea, ya Marekani, iliundwa ili wanawake waonyane kuhusu wanaume wanaokutana nao, na ilikuwa ikiwataka wanaojiunga wathibitishe kuwa ni wanawake kwa kutuma picha. Mwezi Julai 2025 picha zipatazo 72,000 zilivuja, na kati yake kiasi cha 13,000 zilikuwa za nyuso na vitambulisho vilivyotumwa kwa ajili ya uhakiki. Walioumia ni wale hasa waliokuwa wakitafuta usalama. Kwa hiyo ukiombwa picha ya kitambulisho cha NIDA, jiulize kwanza kama huduma hiyo haiwezi kutumika bila uhakiki huo. Mara nyingi uhakiki ni wa hiari, hata kama kitufe chake kimepakwa rangi ya kuvutia kuliko vingine. Mtu binafsi anayekuomba kitambulisho katika mazungumzo asipewe kwa hali yoyote.

Ukitishwa

Vitisho huanza kwa njia inayofanana. Mazungumzo hupamba moto haraka, simu ya video inapigwa, mmoja anashawishiwa kuvua nguo, na mwingine anarekodi. Dakika chache baadaye inafika orodha ya marafiki zake wa Facebook pamoja na kiasi cha fedha kinachotakiwa. Orodha hiyo ndiyo silaha, na ndiyo sababu tunasisitiza kwamba orodha ya marafiki ifichwe katika mipangilio kabla ya lolote kutokea.

Likikufika, usilipe. Anayelipa mara ya kwanza amethibitisha kwamba anazo fedha na kwamba anaogopa, na madai huongezeka. Usifute mazungumzo kwa aibu, kwa kuwa huo ndio ushahidi wako: piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, namba, tarehe na vitisho vyenyewe, kisha umzuie mtu huyo asikufikie. Toa taarifa polisi, na namba iliyotumiwa katika utapeli itume kwenda 15040. Mweleze pia mtu mmoja unayemwamini. Vitisho hivi hutegemea upweke wa anayetishwa.

Unapoondoka

Kuifuta programu kwenye simu hakufuti akaunti. Wasifu wako hubaki kwenye mitambo ya kampuni, na katika baadhi ya huduma wengine huendelea kuuona. Ingia kwanza katika mipangilio ya akaunti, ondoa picha na maelezo, kisha chagua kufuta akaunti, wala si kuificha au kuisimamisha, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Ikiwa ulikuwa ukilipia kwa mwezi kupitia duka la programu, malipo hayo husimamishwa katika duka lenyewe. Wengi wamekatwa fedha miezi kadhaa kwa huduma waliyodhani wameiacha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazokusanywa, kuzirekebisha na kuomba zifutwe. Iandikie kampuni kwa anwani iliyotajwa katika sera yake ya faragha, ukitaja akaunti yako na jambo unalolitaka, bila kuongeza taarifa ambazo haikuwa nazo. Isipojibu, au ikijibu kwa kukuzungusha, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambatisha barua yako ya kwanza, majibu uliyopata, picha za skrini na uthibitisho wa malipo kama yalikuwepo. Picha zako za faragha hazihitajiki ili malalamiko yapokelewe, kwa hiyo usiziambatishe; eleza kwa maneno zinahusu nini na zimeonekana wapi.