Klachi Iliyokazwa Nyumbani
Mwenye pikipiki aliyekaza waya wa klachi kwa mkono wake, kisha akaona injini yanguruma ilhali mwendo hauongezeki mlimani, na afahamu kwamba waya umevutwa kupita kiasi, hata sahani za klachi hazibanani barabara, bali zateleza na kuungua. Kinyume chake, gia ikiingia kwa kishindo, au chombo kikijisukuma ilhali klachi imebanwa, waya umelegea mno. Dawa yake ni sahali: katika pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono wa klachi yapasa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla ya kuvuta waya; ili kupata mchezo huo, legeza nati, zungusha skrubu kidogo kidogo, ukaze tena. Ikiwa klachi bado yateleza, yamkini sahani zimelika. Mwone fundi, wala usifanye ajizi.