Homa, Malaria na Simu ya Mkononi: Ufuatiliaji wa Ugonjwa Huanzia Katika Neno

1. Neno moja, maradhi mengi

Katika Kiswahili, neno "homa" hutaja kwanza joto la mwili lililopita kiasi, kisha hutaja maradhi yaletayo joto hilo. Ndiyo sababu husemwa homa ya malaria, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya mapafu. Katika mazungumzo ya kila siku aghalabu sehemu ya pili huachwa, na msikilizaji hukisia. Kwa wazungumzaji jambo hilo halina taabu. Kwa mwenye kuhesabu wagonjwa ni taabu kubwa, kwani si kila homa ni malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Makala haya yanakusudia kueleza namna simu ya mkononi isaidiavyo kuufuatilia ugonjwa huo, na mahali msaada wake unapokomea.

2. Mfano wa Zanzibar

Kuanzia mwaka 2008, na kwa miaka mingi baadaye, maambukizi ya malaria huko Zanzibar yalikuwa chini ya asilimia 1 ya watu. Ugonjwa ukipungua kiasi hicho, kinga ya watu nayo hupungua, na wagonjwa wachache wasiogunduliwa waweza kuwa chanzo cha mlipuko. Ripoti ya karatasi huwasili imechelewa.

Kwa hiyo, mwaka huohuo wa 2008, vituo 10 vya afya vilianza kutuma hesabu zao kila wiki kwa simu: wagonjwa wote waliofika, waliopimwa, na waliokutwa na vimelea, huku watoto wa chini ya miaka 5 wakihesabiwa mbali. Baadaye vituo vingine viliongezwa. Mwaka 2012 ukafuata mfumo uitwao Coconut Surveillance, ambao humfuatilia mgonjwa mmoja mmoja. Kituo kikimgundua mgonjwa, hutoa taarifa kwa simu. Afisa wa wilaya huenda kituoni, kisha nyumbani kwa mgonjwa, akiwa na tableti na vipimo vya haraka. Huwapima watu wa nyumba hiyo, huwatibu waliokutwa na vimelea, na huuliza kama mgonjwa alisafiri nje ya visiwa. Majibu huhifadhiwa katika tableti hata pasipo mtandao, yakapelekwa mtandao unapopatikana.

3. Kisichohesabiwa

Mfumo huo una sharti moja: mgonjwa awe amefika kituoni na kupimwa. Hapa ndipo lugha inaporudi. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, pwani ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996, ulichunguza ugonjwa uitwao degedege, yaani homa yenye kifafa kwa watoto. Kwa mganga wa hospitali, hiyo yaweza kuwa dalili ya malaria kali. Kwa wazazi wengi ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye tiba yake ya jadi. Mtoto aliyepelekwa kwingine kwa sababu ya jina la ugonjwa hakuingia katika hesabu yoyote, na simu haiwezi kupeleka tarakimu ambayo haikuandikwa.

4. Funzo kwa Kongo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Mwishoni mwa mwaka 2024, eneo la afya la Panzi, katika jimbo la Kwango, lilipatwa na maradhi yaliyotangazwa kuwa hayajulikani. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba waliandikwa wagonjwa 406 na vifo 31, wengi wakiwa watoto. Panzi iko mbali na Kinshasa kwa safari ya siku mbili hivi, na maabara hapakuwa. Sampuli 12 za kwanza zilipopimwa, 10 zilikuwa na malaria; baadaye maambukizi ya njia ya hewa na utapiamlo navyo vilitajwa kuwa sehemu ya chanzo. Basi maradhi "yasiyojulikana" yalikuwa, kwa sehemu kubwa, yanayojulikana sana. Kilichokosekana ni kipimo na njia ya kupeleka habari upesi.

Panzi si nchi ya Kiswahili, lakini funzo lake linahusu pia Katanga, Kivu na Maniema. Vipimo na mtandao ni kazi ya wizara na wafadhili. Kazi ya wanaisimu ni nyingine: kukusanya, mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, majina ambayo watu huita homa za watoto wao, kabla maswali hayajaandikwa katika Kiswahili sanifu na kutiwa katika simu. Swali lisiloeleweka mlangoni huleta jibu lisilo sahihi, na simu hulifikisha jibu hilo Kinshasa kwa upesi uleule.