Mwili Nao Una Toba Yake

Ndugu zetu Waislamu, alfajiri moja alinijia kijana wa hapa kwetu Kasulu, ambaye utotoni nilimfundisha juzuu Amma. Macho yake yalikuwa mekundu na mikono ikitetemeka, kwani kwa miaka mingi alikuwa mtu wa gongo. Akaniambia, "Maalimu, nimetubia. Nionyeshe njia."

Nilifurahi mno, nikampa wasia nilioudhania kuwa mwema: aiache pombe saa ile ile, afunge siku tatu, na usiku asimame kwa sala. Siku ya pili alishikwa na kifafa shambani mbele ya mama yake, akachukuliwa hospitali. Mwenyezi Mungu alimnusuru. Lakini aliyekosa siku ile sikuwa yeye, bali mimi.

Basi nikauliza, na waganga wakanifahamisha. Pombe huutuliza ubongo, na ubongo uliozoea kunyweshwa kila siku hujizoeza kuupinga utulivu huo kwa kujichangamsha. Pombe ikikatwa ghafula, uchangamfu hubaki bila kizuizi. Ndipo huja jasho, kutetemeka na kukosa usingizi; katika siku mbili za mwanzo huenda kikaja kifafa, na baina ya siku ya pili na ya nne mtu huweza kuona yasiyokuwapo. Wengine wetu, tangu Kasulu hadi Kibondo, husema amepagawa na majini. Hayo ni maradhi, nayo huua. Mlevi wa miaka mingi aitakaye toba apelekwe kwanza hospitali, aiache pombe chini ya uangalizi wa mganga.

Asije mtu akasema kwamba nahalalisha pombe. Uharamu wake ni wazi katika Suratul Maida, aya ya 90. Lakini dini iliyoharimisha pombe ndiyo iliyomruhusu mgonjwa asifunge mpaka apone, akalipe siku nyingine. Naye Mtume (S.A.W.), alipopata khabari kwamba Abdullah bin Amr hufunga kila siku na kukesha kila usiku, alimkataza, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Khabari hiyo naifundisha madrasa kila mwaka, na siku ile niliisahau!

Haki ya kwanza ya mwili ni chakula. Mlevi hunywa badala ya kula, akapungukiwa khasa na vitamini B1, ambayo upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu na kumbukumbu. Ugali wa muhogo peke yake hauna vitamini hiyo ila kidogo. Aongezewe maharage tunayoyalima wenyewe, karanga, na dagaa watokao ziwani, pamoja na dawa atakazopewa na mganga. Wala asiachwe na njaa, kwani njaa na kiu ya pombe hufanana, na asiyezizoea hazitambui.

Haki ya pili ni usingizi, nao hurudi polepole, pengine kwa majuma mengi. Alale saa zile zile kila siku, baada ya Isha. Haki ya tatu ni kuushughulisha mwili: jembe, matembezi, hata mpira. Mwili uliochoka kwa kazi ya halali hulala vyema, na wasiwasi hupungua.

Hata kwa heroini njia ni hiyo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa waathirika methadoni, dawa inywewayo kila siku, ili mwili utulie na mtu apate nafasi ya kuyatengeneza maisha yake.

Enyi wazazi, msimcheke anayerudi, wala msihesabu kuteleza kwake kuwa ndio mwisho. Kijana yule aliteleza mara moja, mama yake akampikia uji, akamrudisha hospitali. Ramadhani iliyopita alifunga mwezi mzima pamoja nasi, kwa idhini ya mganga wake. Safari hii nilimtaka aiulize kwanza.

Mwenyezi Mungu atuponyeshee vijana wetu. Amin.