KUMWITA MNYAMA KWA SAUTI

Katika nchi ya Marekani yuko mnyama wa jamii ya mbwa aitwaye koyote. Afanana na bweha wetu, ila ni mkubwa kidogo. Wafugaji wa huko humchukia kwa sababu huwaua wana-kondoo na kuku wao. Lakini koyote ni mwerevu mno, na wawindaji wameona ni afadhali kumwita kuliko kumfuata.

Mwindaji huchukua filimbi ndogo itoayo sauti kama ya sungura aliyeumia. Huketi kichakani mahali penye kivuli, upepo ukimpiga usoni, asije mnyama akaipata harufu yake. Hupuliza kidogo, hunyamaza, kisha hupuliza tena, wala hatikisiki hata dakika ishirini au zaidi. Koyote akisikia, hufikiri kuwa chakula kimekwisha patikana bila kazi. Hata hivyo, mara nyingi huzunguka kwanza ili anuse upepo. Basi mwindaji asiyeujali upepo hurudi nyumbani mikono mitupu. Na koyote aliyedanganywa mara moja akanusurika, si rahisi kumdanganya mara ya pili.

Je, twaweza kufanya hivyo hapa Kenya? Hasha. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 inawalinda fisi na bweha pia. Lakini wataalamu huitumia njia hiyo hiyo kwa kazi nyingine, yaani kuhesabu. Bwana Joseph Ogutu na Bibi Holly Dublin waliwaita simba na fisi katika Maasai Mara kwa sauti zilizonaswa na kutolewa kwa vipaza sauti, wakawahesabu waliokuja. Habari za kazi yao zilichapishwa mwaka 1998.

Jambo hili lawahusu pia watu wafanyao kazi katikati ya mji wa Nairobi na kurudi jioni Karen, Lang'ata au Dagoretti. Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ua upande wa mji, lakini upande wa kusini iko wazi, na wanyama hutoka na kuingia. Mwaka 2024 fisi waliwashambulia watu pande za Rongai. Wengi huuliza, "Ni nani aliyewaita?"

Yafaa kila mtu ajiulize mwenyewe. Mwana-mbuzi aliyetengwa na mama yake, akilia usiku kucha katika banda bovu, ni filimbi ile ile ya mwindaji. Kuku wapigao kelele juu ya mti ni filimbi. Matumbo na mifupa iliyotupwa nyuma ya bucha haina sauti, lakini harufu yake huchukuliwa na upepo, na fisi huisikia kutoka mbali. Tofauti ni moja tu: mwindaji ajua kuwa anaita, na sisi hatujui.

Kwa hiyo, mwenye mifugo awalaze wana-mbuzi pamoja na mama zao, katika banda lenye kuta imara, paa na mlango wa kufungwa. Kuku wafungiwe kabla ya jua kutua. Takataka za nyama zizikwe chini sana au zichukuliwe na gari la taka. Zisitupwe kando ya msitu wala mtoni. Mtoto asitumwe peke yake gizani.

Na fisi akizoea kuja, usimtegee sumu. Sumu humwua mbwa wa jirani na tai pia, nayo ni kosa kwa sheria. Toa habari kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, ambalo makao yake makuu yako Barabara ya Lang'ata, au katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Mgeni asiyeitwa huja mara moja akapita. Arudiye kila usiku, hapana budi yuko amwitaye.