Tiketi ya bei ya chini, pesa ya likelemba

Mwezi wa saba ukikaribia, swali linarudi katika vikundi vyetu vya Lubumbashi: tiketi ya bei ya chini ya kwenda Ulaya inapatikana wapi? Mmoja anaitwa na binti yake aliyejifungua London, mwingine ana harusi ya mtoto Brussels. Na pesa ni ile ya likelemba, hakuna nyingine nyuma yake.

Sisi tunasema: visa kwanza. Kwa visa ya Schengen unaonyesha nafasi uliyoshikiwa na ajansi, si lazima tiketi iliyokwisha kulipwa. Tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi pesa yake hairudi. Visa ikikataliwa, likelemba ya mwaka mzima imekwenda.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Nchi za Schengen zinadai visa ya kupita kwa mwenye pasipoti ya Kongo hata kama anabadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani. Mama mwenye visa ya Uingereza, akiuziwa tiketi inayopitia Brussels au Paris, anaweza kuzuiliwa hapa hapa Luano, valizi mkononi, wajukuu wakimngoja. Mwenye visa ya Marekani au Kanada hadaiwi hiyo. Kwa London, ulizeni njia ya Addis Ababa au Nairobi; hata ikizidi kidogo, ndiyo rahisi.

Wengine huvuka Kasumbalesa kwenda kupanda ndege Ndola, Zambia. Inaweza kufaa, lakini jumlisheni gari, karatasi za mpaka, na usiku wa kulala kule. Tumeona hesabu hiyo ikimeza faida yote. Tena msinunue tiketi mbili za kuunganisha wenyewe: ya kwanza ikichelewa, ya pili imepotea.

Mwezi wa saba, wa nane na wa kumi na mbili bei hupanda. Harusi haisogezwi, lakini kumwona mtoto mchanga kunaweza kungoja mwezi wa pili.

Kabla ya kulipa, ulizeni ni valizi ngapi na kilo ngapi. Sombe na unga wetu vina uzito! Nyama muiache nyumbani, kule wanaitupa. Mwisho someni majina yenu matatu kwenye tiketi, herufi kwa herufi, pasipoti ikiwa wazi pembeni.