Mashine Ikizama, Usikimbilie Kulaumu Kompyuta

Kuruwitu wengi mnaijua kwa bahari: wavuvi walitenga sehemu yao samaki wazaane, na 2017 wakapata Tuzo ya Equator. Mimi naijua pia kwa mashine kuukuu ya kuchonga chuma, ambayo mimi na rafiki yangu tuliifunga mota ikawa CNC.

Juzi mzee mmoja mvuvi alituletea bamba la alumini la mashua yake, tumchongee vishimo 6 vya kina cha milimita 5. Cha kwanza sawa. Cha mwisho kikafika 7. Bamba limeharibika, na mzee hana lingine.

Nikahangaika na programu usiku kucha. Wapi!

Asubuhi tukaweka geji chini ya kichwa, tukakipandisha na kukishusha mara 10. Kila kikirudi, kimezama zaidi. Hapo ndo nikaelewa: X na Y husogeza meza tu, lakini Z hubeba uzito wa kichwa kizima. Mota ikikimbizwa hupungua nguvu, inaruka hatua ikipanda, na kompyuta haijui.

Tulichora mstari kwenye kiungo cha mota na skrubu. Haukuhama, kwa hivyo hakitelezi. Kumbe reli zilikuwa na kutu ya chumvi. Tukasafisha, tukapaka oili, tukapunguza kasi ya kupanda kwa nusu. Geji ikarudi sifuri mara zote 10.

Bamba jipya tulinunua kwa pesa zetu. Mzee kacheka: "Wajukuu, hata nanga hushuka rahisi kuliko kupanda."